Mulima ndani ya kompyuta: kipi kimepimwa, kipi kimebuniwa



Kuna picha zinazozunguka kwenye simu siku hizi: milima mirefu, ukungu chini, jua linapiga upande mumoja, na mutu ameandika "Mitumba" ao "Tanganyika yetu". Ukiangalia vizuri, haiko picha ya kamera. Ni mulima uliotengenezwa ndani ya kompyuta. Wengi wananiuliza zinafanywa namna gani, na kama mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida anaweza kufanya vile. Anaweza. Programu mbili zinazotosha, QGIS na Blender, ni za bure, na vipimo vya milima yetu vilevile ni vya bure. Lakini kuna jambo moja lazima tuelewane, juu kwetu huku picha ya udongo haiko mapambo tu, watu wanaiweka mezani wakati wa kuzungumza mashamba na mine. Mulima unaofanana na wa kweli na mulima wa kweli ni vitu viwili. Yule anayeutengeneza njo anajua mupaka uko wapi. Yule anayeuangalia hajui.

Tuanze na vipimo. Mwezi wa pili mwaka 2000, chombo cha anga Endeavour cha NASA kilizunguka dunia siku 11 kikiwa na antena mbili za rada: moja ndani ya chombo, nyingine kwenye ncha ya nguzo ya mita 60 iliyonyooshwa pembeni. Antena mbili ni sawa macho mawili. Funga jicho moja halafu jaribu kuingiza uzi kwenye sindano, utaelewa sababu ya zile mita 60. Rada inapita katikati ya mawingu, na kwa inchi kama yetu ile ni neema. Kazi hiyo inaitwa SRTM. Ilipima karibu asilimia 80 ya inchi kavu yote, toka digrii 60 kaskazini mupaka digrii 56 kusini. Kwa miaka mingi sisi tulipata vipimo vya kila mita 90 tu. Vya kila mita 30 vilianza kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2014, na Afrika njo ilitangulia.

Dunia imekatwa vipande vya digrii moja kwa digrii moja, na kila kipande kinaitwa kwa jina la pembe yake ya kusini-magharibi. Manono iko ndani ya S08E027. Kalemie iko S06E029, Moba S08E029. Kipande kimoja kina namba 3,601 kwa 3,601, ni kusema karibu milioni 13, na kila namba ni urefu wa nafasi moja kutoka usawa wa bahari. Uzito wake ni mega 26 hivi. Video moja ya muziki inaweza kupita pale.

Tuchukue Moba, juu pale kuna milima ya kufurahisha macho: Marungu, magharibi ya ziwa. Maji ya Tanganyika yako karibu mita 770, na Marungu inapanda mupaka mita 2,460. Unafungua kipande ndani ya QGIS na unaona picha ya kijivu: nafasi ya juu inangaa, ya chini ni nyeusi. Usiikimbize mara moja kwenye Blender. Kipande kile kinapima upana kwa digrii na urefu kwa mita. Ukikipeleka hivyo, programu itaamini kama inchi yako ina upana wa kipimo 1 na urefu wa vipimo 2,460, na mulima utasimama sawa sindano. Lazima kwanza ugeuze ramani ipimwe kwa mita pande zote. Kwa Manono, Kalemie na Moba unachagua UTM kanda ya 35 kusini. Kupita digrii 30 mashariki unaingia kanda ya 36.

Kisha unakata sehemu unayotaka na kuitoa kama picha. Hapa wengi wanaharibu kazi bila kujua. Picha ya kawaida ya kijivu, ya biti 8, ina ngazi 256 tu kati ya nyeusi na nyeupe. Kati ya maji ya ziwa na kilele cha Marungu kuna mita 1,690. Gawanya: kila ngazi ni mita 6 na nusu na kitu. Ukiiinua ndani ya Blender, mulima mzima unakuwa ngazi-ngazi, utafikiri walimaji wa Rwanda wamepita kuchonga matuta toka chini mupaka juu. Chagua biti 16. Pale kuna ngazi 65,536, na kila moja inakuwa chini ya sentimita 3. Ngazi zinapotea.

Ndani ya Blender kazi ni nyepesi kuelewa. Unatandika shuka bapa, unaligawa vipande vidogo-vidogo, halafu unaiambia programu: kila nafasi ipande kadiri picha inavyongaa. Kama mashini yako haina nguvu, usipeleke namba zote milioni 13. Punguza mupaka 1,000 kwa 1,000. Ile ni milioni moja na inatosha kwa picha ya kuangalia. Anzisha kazi ya mwisho usiku, umeme ukiwapo, na uombe usikatike.

Bon, sasa mulima umesimama, na watu wengi hapa wanavunjika moyo: mulima ni mufupi! Chukua sehemu yenye upana wa kilometa 60, ichore kwenye karatasi ya sentimita 60. Marungu yote, toka ziwani mupaka kilele, itakuwa na urefu wa sentimita 1.7. Macho yetu hayaone inchi vile. Mutu akisimama chini ya ukuta wa Moba anaona kitu kinafunga mbingu. Basi watu wanazidisha urefu mara mbili, mara tatu, hata mara tano, na picha inakuwa tamu. Sikatae kuzidisha. Ninakataa kuzidisha na kunyamaza. Shamba lenye muteremuko wa asilimia 12, ukizidisha urefu mara tatu, linaonekana kuwa na asilimia 36. Kwa mutu wa agronomia, ya kwanza ni shamba la kulima kwa kufuata mistari ya usawa na kupanda majani ya kuzuia maji. Ya pili ni nafasi ya kuacha miti ikae yenyewe. Mulimaji aliyerisi shamba lile toka kwa babu yake ataangalia picha, ataangalia miguu yake, na hatakuamini tena.

Kazi ya kompyuta kutengeneza milima ilianza bila kipimo chochote. Mwaka 1980 Loren Carpenter, aliyekuwa anafanya kazi kwa Boeing, alionyesha filamu fupi, Vol Libre, ambamo macho yanaruka juu ya milima isiyokuwa popote duniani. Alitumia mawazo ya Mandelbrot juu ya frakitali: chukua pembe tatu, kata kila upande katikati, sukuma ile katikati juu ao chini kwa bahati, halafu rudilia juu ya vipande vidogo, na tena, na tena. Jiwe dogo linafanana na mulima mukubwa, kwa hiyo sheria moja inatosha. Miaka miwili nyuma ya pale, mbinu hiyo ilionekana kwenye filamu ya Star Trek ya mwaka 1982. Ken Perlin naye alileta namna ya kulainisha namba za bahati, na mupaka leo karibu kila mulima wa michezo ya kompyuta una mukono wake.

Ile milima ilikuwa mizuri, lakini ilikuwa na kilema ambacho mwanafunzi yeyote wa udongo angekiona: maji hayana njia. Namba za bahati zinatengeneza mashimo kila mahali. Mvua ikinyesha juu ya mulima wa namna ile, maji yanajaa kwenye vishimo elfu na hayatoki. Inchi ya kweli haiko vile. Kila kijito kinatafuta kikubwa chake. Luvua inatoka ziwa Mweru, inashuka, inapita kwenye maporomoko ya Piana Mwanga yaliyoipa mine ya Manono umeme, na inaingia Lualaba pale Ankoro. Lukuga inatoka ziwani pale Kalemie na inafuata kaka yake Lualaba upande wa magharibi. Mwaka 1989 Musgrave na wenzake Kolb na Mace waliingiza erozyo ndani ya hesabu, na toka siku ile milima ya kompyuta ilianza kufanana na milima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Programu inaangusha tone moja la mvua nafasi yoyote. Tone linafuata muteremuko. Likienda mbio linabeba udongo. Likipunguza mbio linauacha. Halafu tone lingine, mupaka matone laki na zaidi. World Machine na Gaea zinafanya hivyo, na ndani ya Blender kuna kiongezo A.N.T.Landscape chenye sehemu ya erozyo. Waliosoma agronomia watacheka, juu ni somo letu: muteremuko na urefu wa muteremuko, vile Wischmeier na Smith walivyotia ndani ya hesabu yao ya udongo unaopotea. Tulifikiri ile hesabu ilikuwa ya mutihani tu.

Mwenye kukaa Manono ana bahati nyingine. Usiende mbali, nenda kwenye vilima vya muchanga ambavyo mine ya kasiteri iliacha toka wakati wa Géomines. Pale unaona somo lote kwa macho. Muchanga mukavu ukimwagwa haukubali kusimama zaidi ya pembe fulani, digrii 30 na kitu. Ukizidisha, unateleza wenyewe. Programu nazo zina namba ya pembe hiyo, na watu wanaiacha vile ilivyokuja, halafu wanashangaa kuona mulima wao una miteremuko ya ukuta upande wote. Kisha angalia nafasi maji ya mvua yamepita. Juu kabisa, mifereji ni mingi na myembamba. Ikishuka inaungana, inapungua hesabu, inakuwa mirefu na mipana. Chini, pale kilima kinapokutana na uwanja, kila mufereji umemwaga muchanga wake sawa upepeo uliofunguliwa. Mulima wa kompyuta usiokuwa na ile pepeo ya chini unaonekana kama kitu kilichowekwa juu ya meza. Wengi hawajui kinachowasumbua ni nini, lakini jicho linajua.

Ila maji hayafanye yote. Ukuta wa magharibi ya ziwa Tanganyika haukuchongwa na mvua. Inchi ilipasuka, upande mumoja ukashuka, na shimo likajaa maji mupaka kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani nyuma ya Baikal. Kwa hiyo ukuta ule unaenda kwa mustari ulionyooka kilometa nyingi, na maji yanaukata mbele-mbele tu. Anayetengeneza milima ya ufa kwa erozyo peke yake atapata milima ya kweli kabisa, lakini ya inchi nyingine. Kwanza pasua, kisha nyeshea. Tena ziwa lenyewe: rada inaona uso wa maji tu, na kipande chako kitaonyesha meza bapa. Ukiwa na haja ya kuonyesha chini, lazima vipimo vya kina vitoke kwingine. Chini ya ile meza ukuta unaendelea, na sakafu ya ziwa iko mita 700 chini ya usawa wa bahari.

Juu ya mwangaza na rangi nitapita mbio, ni mambo ya kujaribu. Kalemie na Moba ziko upande wa magharibi wa ziwa: jua linatoka majini asubuhi na kupiga ukuta usoni, nyuma ya saa sita ya muchana ukuta unaanza kuingia kivulini. Ukitaka mifereji ionekane, weka jua chini, saa moja ya asubuhi. Saa sita jua liko juu ya kichwa na mulima wote unakuwa bapa. Milima ya mbali ipauke, iwe ya bluu-bluu. Wakati wa kiangazi, watu wakichoma pori, iwe karibu nyeupe. Na tafazali muache kupaka Marungu yote kijani sawa Uswisi. Juu ni majani, pori zito linafuata mito, na mwezi wa munane majani yale ni ya njano.

Sasa turudi kwenye zile namba. Kati ya kipimo na kipimo kuna mita 30. Kila namba moja inabeba mita 900 za mraba. Hekta moja ya muhogo ni namba 11 tu. Korongo la mita 4 linalokula shamba la mutu haliko ndani ya namba 11 zile, limelainishwa, limepotea. Lakini ukikaribia na kamera ya Blender, mulima wa namba tupu unaonekana laini sawa sabuni, na hakuna mutu atakayeipenda. Basi unaongeza namba za bahati za Perlin, unaongeza erozyo ya matone, na pale pale makorongo yanatokea, na mawe, na vijito. Yanapendeza. Yanafuata sheria za maji. Na hayako. Programu imeyabuni usiku ule ule ulipokuwa umelala.

Kwa filamu ao mchezo hakuna shida yoyote. Shida inaanza pale picha ile ile inapoingia kwenye mukutano na watu wa kijiji. Mutu anaonyesha: maji yatapita hapa, hapa hakuna shamba, hapa ni mawe tu. Mzee anaona korongo ambalo halijui na anafikiri labda wenye kompyuta wanajua kumupita. Nani atabishana na satelite? Kumbe satelite haikusema kitu. Na kuna jambo la tarehe: vipimo vile ni vya mwezi wa pili mwaka 2000. Mutoto aliyezaliwa siku ile leo ni mwenzetu mwenye lisansi. Shimo lililochimbwa na kilima cha muchanga kilichohamishwa nyuma ya pale havimo. Vilevile rada ya SRTM haikufika udongoni pale pori ni zito. Ilirudi toka kwenye matawi. Pori la kando ya muto linaweza kupandisha namba mita kadhaa, na bonde jembamba linaonekana limejaa.

Kuna namna ya kujikagua isiyoomba feza. Ndani ya QGIS, mbele ya kuongeza pambo lolote, iambie ichore mito kwa kufuata vipimo tu. Chapisha mistari ile kwenye karatasi, peleka kwa watu wanaokaa pale, usiwaambie kitu, waulize majina ya mito. Pale mustari wako unapata jina, kipimo kimekubaliwa. Pale wanakuambia "hapa hapana muto", andika. Pale wanakutajia kijito ambacho mashini haikukiona, andika mara mbili. Nyuma ya pale njo upambe.

Mimi kwa sasa ninatengeneza picha mbili za kila nafasi. Moja ni ya vipimo tupu, laini, ya sabuni, isiyozidishwa urefu. Ni ile ya kuweka mezani kama kuna shamba la mutu ndani. Nyingine ni ya urembo. Kwenye pembe ya chini ya zote ninaandika mambo matatu: vipimo vimetoka wapi na mwaka gani, urefu umezidishwa mara ngapi, na vitu gani programu imeongeza. Mustari mumoja unatosha. Mukiletewa picha isiyokuwa na mustari ule, ulizeni, hata kama aliyeileta amevaa koti.

Vipande vya S06E029, S08E027 na S08E029 niko navyo kwenye flashi, vimeshageuzwa UTM. Mwenye kuwa Manono apite kuvichukua, asimalize mega zake bure. Wa Kalemie mupatane mutu mumoja anayeshuka huku, atawapelekea.